Ameuzwa, Ameazimwa, Yuko Huru: Pesa za Kiungo Chipukizi Huenda kwa Nani?

Jumamosi moja jioni tulikuwa kwenye kibanda cha chai pale Kondele, Kisumu, tukingoja mechi, na gumzo lilikuwa la Timothy Ouma. Habari ilikuwa imefika kwamba Slavia Prague wamempeleka Lech Poznań ya Poland kwa mkopo. Fundi wa baiskeli akasema Wacheki wamemchoka. Kijana wa boda akakataa: hawajamchoka, wanamuuza pole pole, kama pikipiki ya kulipia kila siku. Wa tatu akaapa kwamba vyovyote iwavyo Ouma keshakuwa milionea, maana ametoka Nairobi City Stars akaenda Elfsborg ya Uswidi, kisha Januari 2025 Slavia wakamchukua, yote hayo kabla hajatimiza miaka 21.

Mama mwenye kibanda alikuwa akigeuza chapati, kimya muda wote. Akauliza, "Mtu akiuzwa, ile bei hupewa nani? Yeye, au aliyemuuza?"

Kila mmoja alijibu lake, na majibu hayakufanana. Mimi ninayejifanya najua mpira nilijikuta nazungukazunguka kama namba sita aliyekosa wa kumkaba. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza kiungo mwenyewe, maana kazi yake inaeleza mengi ya yanayompata nje ya uwanja. Kiungo huunga mabeki na washambuliaji. Tumezoea kuwaita kwa namba: sita husimama mbele ya mabeki na kukata mashambulizi, nane hukimbia huku na huku, kumi hutafuta pasi ya mwisho. Victor Wanyama alikuwa sita kamili, ingawa wengi humkumbuka kwa bao la kichwa alilowafunga Barcelona Novemba 2012 akiwa Celtic. Austin Odhiambo, aliyewafunga DR Congo tulipoandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nyumbani, Agosti 2025, ni wa aina ya kumi.

Mshambuliaji hujieleza kwa mabao. Akifunga ishirini, hata asiyejua mpira anaelewa. Sita mzuri anaweza kucheza dakika tisini na asitajwe na mtangazaji hata mara tano, kwa sababu hatari aliizima kabla haijawa hatari. Nimewahi kukaa Mamboleo nyuma ya goli nikimtazama kijana mmoja tu kipindi kizima. Kila beki wake alipopewa mpira, kijana aligeuza shingo, kushoto, kulia, kabla hata ya kuomba pasi. Watu jirani yangu walilalamika kwamba amelala. Hakuwa amelala, alikuwa anahesabu watu. Mchezaji wa namna hiyo haonekani kwa video ya dakika mbili kwenye simu. Anahitaji kuonekana mechi nyingi, na kwa hiyo anahitaji dakika za kucheza. Shika neno hilo, dakika, tutalirudia.

Shamba la miwa

Sasa swali la mama. Ukitoka Kisumu kuelekea Muhoroni unapita miwa kila upande, na si ajabu kukuta shamba linalimwa na mtu asiye mwenyewe. Amelikodi.

Tuseme mzee amekodisha ekari mbili kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ukiisha anatokea mtu mwingine, ana trekta na ana pesa, analitaka shamba lile lile. Hawezi kuingia tu na jembe. Lazima aongee na yule aliyelikodi, amfidie ile miaka miwili iliyobaki ndipo atoke. Kisha akae na mzee waandikiane upya kuhusu kodi. Fidia inaingia mfukoni mwa aliyetoka. Kodi inaingia mfukoni mwa mzee. Shamba halijauzwa, hati bado iko kwa mzee, chini ya godoro.

Mchezaji ndiye mzee. Shamba ni miguu yake. Klabu ni yule aliyekodi, na mkataba ndio miaka mitatu. Ile tunayoiita bei ya mchezaji, kwa jina lake hasa ada ya uhamisho, ni fidia ya muda uliobaki kwenye mkataba. Southampton walipomchukua Wanyama kutoka Celtic mwaka 2013, magazeti ya Uingereza yaliandika pauni milioni 12.5. Hizo zilikwenda Celtic. Chake yeye kilikuwa mshahara mpya na yale aliyokubaliana na Southampton: pesa ya kutia saini, bonasi na mengineyo. Yapo mapatano yanayompa mchezaji sehemu ya ada, lakini lazima yawe yameandikwa. Yasipoandikwa, hana lake.

Basi jibu la mama ni hili: hupewa aliyekuwa amekodi. Na ndiyo maana utasikia kijana "ameuzwa milioni kadhaa" na nyumba ya mamake Nyalenda bado ni ya mabati yenye kutu. Si uchoyo.

Shamba hilo linatufungulia mengine. Mzee asipokubali, hakuna mkataba mpya, hata kama hao wawili wameelewana. Klabu mbili haziwezi kumhamisha mchezaji asiyetaka. Muda ukizidi kuyoyoma, fidia inapungua, kwa kuwa hakuna anayelipia miaka mitatu wakati imebaki miezi minne. Mkataba ukiisha, aliyekodi anaondoka bila kitu na mchezaji anaitwa mchezaji huru. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kutia saini kwa klabu nyingine mapema, mkataba wake ukiwa umebakisha miezi sita au chini. Ndiyo maana klabu huhangaika kumwongezea kijana mkataba wakati sisi mashabiki tunaona bado ana mwaka mzima. Wakichelewa, anaondoka na begi lake, wao wanabaki na picha za ukutani.

Urefu nao una mipaka. Kwa kanuni hizo hizo, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka mitano, labda sheria ya nchi iruhusu zaidi, na aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya mitatu. Nimeshawahi kuonyeshwa karatasi ya mtoto wa miaka 16 iliyoandikwa miaka kumi, na mhuri juu yake. Mhuri hauifanyi kanuni.

Kuna timu ambazo mfano wangu wa shamba hauziingii sawasawa. Wachezaji wa Ulinzi Stars, ambao kwa miaka mingi watu wa Nakuru wamewazoea pale Afraha, ni askari wa jeshi. Kiungo wa Ulinzi akitakwa kwingine, si klabu mbili tu zinazoongea. Ipo pia ajira yake ya jeshini. Kijana anaweza kuichagua njia hiyo akiwa macho wazi, na wengi hufanya hivyo, kwa kuwa mshahara wa askari hautegemei mdhamini wa mpira.

Timu ya taifa, kwa upande wake, haijakodi chochote. Harambee Stars haiuzi mchezaji wala hailipwi ada akihama. Ryan Ogam alipokwenda Wolfsberger ya Austria baada ya mabao yake ya CHAN, klabu iliyokuwa na mkataba naye ilikuwa Tusker. Zile milioni moja moja ambazo Rais aliahidi kila mchezaji kwa kila ushindi zilikuwa zawadi, mambo mengine kabisa, nadhani ndizo zilizowachanganya wengi.

Ng'ombe wa kuwekesha

Tumrudie Ouma na ule mkopo. Neno lenyewe ndilo linalotupotosha, kwa sababu mkopo tunaoujua ni wa benki au wa simu, ule wenye riba na vitisho. Afadhali ufikirie ng'ombe. Wazee wetu huku Nyanza, na Magharibi vilevile, mtu mwenye ng'ombe na asiye na malisho humpeleka kwa rafiki. Rafiki anamlisha na kunywa maziwa. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na siku ikifika hurudi.

Slavia ndio wenye ng'ombe, Lech ndio wanaokamua. Mkataba wa mchezaji na klabu yake mama unaendelea kuwepo. Nani atamlisha, yaani nani analipa mshahara, ni maelewano: wote, nusu, robo. Pengine mlishaji hupewa nafasi ya kumnunua kabisa muda ukiisha. Kanuni za sasa za FIFA zinasema mkopo mmoja hauzidi mwaka, na aliyeazimwa haruhusiwi kumwazima mwingine. Ukiwekeshewa ng'ombe, huendi kumwekesha kwa shemeji yako.

Je, mwenye ng'ombe amemchoka? Pengine. Mara nyingi kwa kijana ni ile habari ya dakika. Kiungo wa miaka 21 anayekaa benchi katika klabu inayopigania ubingwa hakui, na thamani yake inashuka. Kwingine anacheza kila wiki. Michael Olunga, si kiungo lakini mfano wake ni mtamu, alikuwa mkopo Girona kutoka klabu ya China alipowafunga Las Palmas mabao matatu Januari 2018. Kwa hiyo ukisikia mkopo, usianze kuomboleza. Uliza kwanza huko anakwenda atacheza au atakaa.

Mtu mwenye suti ya michezo

Hapa naongea kwa uchungu kidogo. Miaka michache iliyopita dadangu alinipigia simu usiku. "Kaka, kuna mtu amekuja, anasema mjomba wako mdogo anatakiwa Ulaya." Mjomba mdogo ndivyo tunavyomtania mwanawe, alikuwa na miaka 15, kiungo mwepesi wa timu ya mtaa. Mtu huyo alikuja na suti ya michezo mpya na barua yenye nembo, akasema akademia imemkubali kijana na kilichobaki ni pesa ya viza na majaribio. Dada alikuwa amekwisha kuuza mtamba mmoja na kumpa nusu. Namba ya simu ya yule bwana iliita siku mbili, ya tatu ikazimwa.

Ningejua kanuni moja tu ningeokoa mtamba. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wenyewe wanapohamia huko kwa shughuli zisizo za mpira. Kuna nafuu ya miaka 16 ndani ya Ulaya, ambayo haimhusu mtoto anayetoka Manyatta. Mtu akikwambia klabu ya Ulaya inamsajili mwanao wa miaka 15 peke yake, huhitaji kuchunguza barua.

Kuhusu mawakala, tangu Oktoba 2023 anayefanya kazi hiyo ya kimataifa anatakiwa awe amefaulu mtihani wa FIFA na awe na leseni, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti yao. Hata bila intaneti nzuri mtu wa saiba anakutafutia kwa shilingi chache. Mkataba wa wakala na mchezaji hauzidi miaka miwili, na kwa mtoto lazima mzazi au mlezi akubali kwa maandishi.

Mshahara usipofika

Hili nalipitia haraka, ingawa huku kwetu ndilo linalouma zaidi ya ada zote. Klabu nyingi za Magharibi na Nyanza zilizaliwa na viwanda: Chemelil, Nzoia, Muhoroni, Sony. Kiwanda kikiugua, kiungo ndiye anayekohoa. Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi mwaka 2006, waliondolewa ligini 2019 baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu.

Wengi huamini mchezaji asiyelipwa hana la kufanya ila kuvumilia au kutoroka. Kutoroka ni kosa, na linaweza kumgharimu yeye. Kanuni za FIFA zina njia: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaiandikia rasmi, anaipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Neno zito hapo ni anaiandikia. Kumlalamikia kapteni kwenye basi hakuhesabiki. Barua, tarehe, nakala ibaki kwake.

Daftari la kocha

Nimeacha la mwisho lile ambalo mashabiki wengi hawajawahi kulisikia, nalo ndilo lingeweza kununua mipira kwa mitaa mizima.

Klabu iliyomlea mchezaji ina haki mbili. Ya kwanza inaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akihama kimataifa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomfunza kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tufanye hesabu ya kibandani. Ada ni shilingi milioni 20. Mshikamano ni milioni 1. Timu ya mtaa ilikuwa naye tangu 12 hadi 17: misimu minne ya mwanzo ni 50,000 kila mmoja, yaani 200,000, misimu miwili ya mwisho ni 100,000 kila mmoja, 200,000 nyingine. Timu inayofanya mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi ina shilingi 400,000. Na haiishi hapo. Akihama tena kwa ada akiwa na miaka 28, inakatwa upya.

Ya pili ni fidia ya mafunzo. Hii hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu nyingine, na kila anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 23, hata kama ameondoka huru bila ada. Hesabu yake hufuata daraja la klabu inayomchukua. Kwa Ulaya huanzia euro 10,000 hadi 90,000 kwa mwaka wa malezi, na miaka ile ya 12 hadi 15 kwa kawaida huhesabiwa kwa kiwango cha chini. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo chake cha malipo ambacho pesa hizi hupitia, kikitumia pasi ya mchezaji: orodha ya kila klabu aliyosajiliwa, tangu tarehe gani hadi gani.

Tatizo liko kwenye neno aliyosajiliwa. Magharibi vipaji vingi hukomaa shuleni. Kakamega High, Musingu, St. Anthony's Kitale, Kisumu Day: orodha hiyo ni historia ya mpira wetu. Lakini kanuni inatambua klabu iliyo chini ya shirikisho la soka, na mashindano ya shule si usajili wa klabu. Mwalimu aliyemfundisha kijana miaka minne kugeuza shingo kabla ya kupokea mpira hayumo kwenye pasi, labda kijana awe amesajiliwa pia na klabu ya mtaa wakati huo.

Ule mchezo wa kupunguza umri nao unagonga hapa. Tunaujua kwa sababu ya vipimo vya kifundo cha mkono vya kukadiria umri vinavyofanywa kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, kuanzia mwaka 2009. Tunasahau kwamba miaka ya malezi huhesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa. Ukimpunguzia kijana miaka mitatu, msimu uliomlea akiwa 13 unakuwa msimu wa miaka 10, na miaka 10 haina senti.

Nilimtembelea kocha mmoja Manyatta kumweleza haya. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa 96 lenye alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Ndani kuna majina ya vijana wake wa miaka kumi na zaidi, kwa kalamu, mengine ni majina ya utani tu. Hakuna tarehe ya kuzaliwa hata moja. Akanionyesha jina la kiungo aliyewahi kwenda nje. "Huyu walikuja, wakaniambia nisaini barua kwamba sidai kitu, asije akazuiliwa kusafiri. Wakaniachia seti ya jezi na mipira miwili."

Niliuliza kama barua hiyo ana nakala. Hana. Niliuliza kama timu ilikuwa imesajiliwa na tawi la shirikisho wakati ule. Akafikiri sana, akasema mwaka mmoja ilisajiliwa, mwaka uliofuata ada ilikosekana, halafu ikasajiliwa tena.

Mipira ile miwili, mmoja bado upo; unatumika kwa vijana wadogo, umebanduka rangi yote. Kocha akaazima kalamu yangu, akapiga mstari ukurasa mpya, akaandika safu nne: jina, kuzaliwa, ameingia, ametoka. Wa kwanza kuandikwa alikuwa mtoto mwembamba wa miaka 12 aliyesimama mlangoni na viatu mkononi. "Omera, ulizaliwa lini?" Mtoto akasema Machi. Kocha akamtuma nyumbani akalete cheti.